Viumbe Hai Katikati ya Vita: Somo kutoka Virunga hadi Ziwa Tanganyika

Tarehe 6 Novemba kila mwaka ni siku ya Umoja wa Mataifa ya kuzuia uharibifu wa mazingira wakati wa vita na mapigano ya silaha. Iliwekwa na Baraza Kuu mwaka 2001. Hapa Pito siku hiyo hupita kimya. Mwezi wa Novemba watu wa Ufipa wanatazama mawingu, wanatafuta mbegu na mbolea, na wakisikia neno vita wanamshukuru Mungu kwamba liko mbali.

Je, liko mbali kweli? Ukishuka kutoka uwanda wetu wa juu kwenda Kirando au Kipili, ukasimama ufukweni, ng'ambo ya maji ni Kongo, upande wa Moba. Wavuvi wa mwambao huo wanajua maana ya kuvamiwa usiku na watu wenye bunduki wanaopora injini na nyavu. Na kwa miaka mingi mkoa wetu wa Rukwa, kabla Katavi haijagawanywa mwaka 2012, ulikuwa na makazi mawili makubwa ya wakimbizi wa Burundi, Katumba na Mishamo. Kwa hiyo tumeona vema somo hili tulitoe kwa lugha yetu na kwa mifano ya jirani, kwa ajili ya wanafunzi wetu na wasomaji wengine.

Kwanza tukubaliane juu ya neno. Bioanuwai ni wingi wa aina za viumbe hai mahali fulani: wanyama, ndege, samaki, mimea, wadudu, hata vijidudu vya udongoni, pamoja na namna wanavyotegemeana. Neno hili halihusu tembo na simba pekee, wale wanaopigwa picha na watalii. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wamo, na nyuki wa miombo wamo, na uyoga tunaookota masika umo.

Hifadhi moja, vita ileile, wanyama wawili

Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianzishwa mwaka 1925 na inahesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Mwaka 1979 iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 1994 ikahamishiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tangu mwaka huo haijapata utulivu wa muda mrefu: mauaji ya kimbari ya Rwanda na wimbi la wakimbizi, vita ya 1996 hadi 1997, vita kubwa iliyoanza 1998, kisha makundi yasiyohesabika, na M23 walioiteka Goma Januari 2025. Mtu akituuliza wapi pa kujifunzia vita inavyofanya kazi juu ya viumbe, tutamwelekeza hapo.

Tuchukue wanyama wawili wa hifadhi hiyo. Katikati ya miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikadiriwa kufika karibu 29,000, idadi kubwa kuliko mahali pengine popote duniani. Mwaka 2005 walihesabiwa pungufu ya 1,000. Sasa tuwatazame gorila wa milimani, wanaoishi kwenye milima ya volkano ambako Kongo, Rwanda na Uganda zinakutana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu 250. Sensa ya 2003 ilikuta 380, ya 2010 ikakuta 480, na ya 2015 hadi 2016 ikakuta 604. Ukijumlisha na wale wa Bwindi kule Uganda, leo gorila wa milimani wanazidi 1,000, na mwaka 2018 waliondolewa katika daraja la walio hatarini kabisa wakawekwa daraja la chini yake.

Hifadhi ni moja, vita ni ileile, miaka ni ileile. Mmoja aliteketea, mwingine akaongezeka zaidi ya maradufu. Kwa nini?

Kiboko ana nyama nyingi na meno yanayouzika. Anakaa mahali panapojulikana, kwenye maji ya Ziwa Edward na mito yake, hivyo kumpata hakuhitaji ujuzi wa uwindaji. Wanajeshi na wapiganaji waliokuwa wamepiga kambi kando ya ziwa, wengi wao bila mishahara, walimpiga kwa bunduki za kivita, wakala na kuuza. Askari wa hifadhi walikuwa wamefukuzwa vituoni au walikuwa wachache mno mbele ya watu wenye silaha nzito. Hakuna aliyewahesabu viboko kila siku wala aliyepata hasara ya moja kwa moja walipokufa. Au tuseme walikuwapo, lakini walikuja kujua baadaye. Hao ni wavuvi. Kinyesi cha kiboko hurutubisha maji, na maji yaliyorutubika hulisha vimelea vidogo ambavyo ndivyo chakula cha samaki. Viboko walipopungua Ziwa Edward, mavuno ya perege nayo yakashuka. Kijana wa Vitshumbi anayevuta nyavu tupu leo hakumpiga risasi kiboko yeyote.

Gorila alikuwa na kitu ambacho kiboko hakuwa nacho: watu waliomfuata kila siku kwa jina. Familia za gorila zilizozoeshwa kuonana na wanadamu zinajulikana mmojammoja. Akikosekana mtoto asubuhi, wafuatiliaji wanajua. Madaktari wa mifugo hupanda milimani kutegua mitego ya waya kwenye miguu yao. Upande wa Rwanda na Uganda fedha za watalii zilifanya serikali na vijiji vione faida ya gorila kuwa hai. Na tangu 1991 kulikuwa na mpango wa pamoja uliowaunganisha wahifadhi wa nchi zote tatu. Serikali zao zilipokuwa zikitupiana lawama, hata risasi, wahifadhi waliendelea kukutana, kupeana taarifa na kupanga doria. Kwetu sisi jambo hilo lina uzito kuliko takwimu zote tulizozitaja.

Lakini tusiipambe habari hii. Julai 2007 gorila kadhaa wa familia ya Rugendo, pamoja na dume lake kubwa, waliuawa kwa risasi na kuachwa walipoangukia. Hakuna aliyechukua nyama. Uchunguzi ulielekeza kwenye biashara ya makaa, yaani mkaa unaochomwa kutokana na miti ya hifadhi na kuuzwa Goma. Gorila waliuawa ili kuwatisha waliokuwa wakiwazuia wachoma mkaa. Na wanadamu wamelipa zaidi. Askari wa Virunga waliouawa kazini kwa miaka yote wanazidi 200. Siku moja tu, tarehe 24 Aprili 2020, karibu na makao makuu ya Rumangabo, waliuawa askari 12, dereva mmoja na raia wanne. Wengi wa askari hawa ni vijana wa vijiji vya hapohapo, wenye wake na watoto. Tunapofundisha kwamba gorila wameongezeka, ni haki tuseme pia ni akina nani waliosimama kati yao na bunduki.

Mlinzi asiye na mshahara

Watu wengi hudhani vita huharibu viumbe kwa mabomu na moto. Hutokea, lakini katika Afrika Mashariki na Kongo madhara makubwa yamepita njia nyingine. Dola ikivunjika, mshahara wa mlinzi unakatika. Barabara zikifungwa, mkulima anashindwa kupeleka mazao sokoni na anageukia msituni. Silaha zinabaki mikononi mwa watu hata mapigano yakiisha. Kisha anakuja mnunuzi kutoka nchi yenye amani, mwenye fedha taslimu na gari, anayeuliza kama kuna meno ya tembo, dhahabu, koltani au mbao.

Uganda ilipitia hayo. Baada ya miaka ya Amin na vita ya 1979, tembo wa Hifadhi ya Malkia Elizabeth walibaki wachache mno, na kufikia 1983 faru walikuwa wametoweka nchi nzima. Ilibidi waanze kurudishwa Ziwa, Nakasongola, mwaka 2005. Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ndiyo ilikuwa ngome ya mwisho porini ya faru weupe wa kaskazini. Leo aina hiyo imebaki na majike wawili, Najin na Fatu, wanaolindwa Ol Pejeta nchini Kenya. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018.

Ndiyo maana jambo moja dogo lililofanyika Kongo mwaka 2000 linastahili kukumbukwa. Nchi ilikuwa imegawanyika vipande, kila kipande na utawala wake. Maeneo matano ya urithi wa dunia, yaani Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Okapi na Salonga, yote yalikuwa hatarini. UNESCO na Mfuko wa Umoja wa Mataifa, pamoja na Taasisi ya Uhifadhi ya Kongo (ICCN) na mashirika mengine, walianzisha mpango maalumu wa kuhifadhi bioanuwai katika maeneo ya vita. Sehemu muhimu ya mpango huo ilikuwa rahisi mno: kuwalipa askari wa hifadhi posho, popote walipo, bila kujali eneo lao linatawaliwa na nani. Ilibidi kuzungumza na makamanda wa pande zote ili askari hao waruhusiwe kufanya kazi. Wapo waliosema huko ni kuwatambua waasi. Sisi tunaona walifanya sawa. Mlinzi mwenye posho na sare anabaki kuwa mlinzi; akiachwa miezi kumi bila kitu naye ana watoto wa kulisha, na msitu anaujua kuliko jangili yeyote.

Kuni na kitoweo cha mkimbizi

Sasa tuje nyumbani, maana Tanzania imeijua vita zaidi kupitia wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu kama 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja. Fikiria mji mkubwa unaozaliwa kati ya jana na leo, usio na jiko hata moja. Kila kaya ilihitaji kuni ili kupika maharage na mahindi ya mgao, na maharage makavu, kama kila mama wa Ufipa ajuavyo, hula kuni nyingi kuliko chakula kingine. Vilima vilivyozunguka kambi vikabaki vitupu. Miezi michache baadaye hali ikawa hivyohivyo Goma, ambako mamia ya maelfu waliwekwa kando kabisa ya Virunga, na maelfu kwa maelfu wakaingia hifadhini kila siku kutafuta kuni.

Kuhusu kitoweo, kuna utafiti wa TRAFFIC, mtandao unaofuatilia biashara ya viumbe pori, uliotolewa mwaka 2008 juu ya kambi za kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ulikadiria kwamba katikati ya miaka ya 1990 kambi mbili kubwa zilikuwa zikila tani 7.5 za nyamapori haramu kila wiki. Wanyama wa Burigi na Kimisi walipungua vibaya. Nyama hiyo ilipikwa gizani na kupewa jina la kuficha, kitu kama "mchicha wa usiku". Lakini watafiti hawakuishia kuwalaumu wakimbizi. Waliangalia mgao wa chakula na kukuta hauna nyama kabisa. Wakakumbusha kwamba wakimbizi wa vita vya Balkani, kule Ulaya, walipewa nyama ya kopo. Mkimbizi wa Afrika alipewa maharage, akakamatwa kwa kuwinda.

Tunaomba msomaji akae kidogo na habari hiyo. Mara nyingi katika mazungumzo yetu, hata ya watu wa kanisani, mkimbizi anatajwa kama adui wa msitu. Uamuzi wa wapi kambi ijengwe, watu wangapi wawekwe pamoja, wapikie nini na wale nini, haukuwa wake. Pale mambo hayo yalipofikiriwa mapema, matokeo yalikuwa tofauti: majiko ya udongo yanayobana moto, kuloweka maharage usiku kucha kabla ya kupika, kufunika sufuria, na vitalu vya miche. Haya si mambo ya teknolojia kubwa.

Katumba na Mishamo zinatupa mfano mwingine. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 hawakufungiwa kwenye kambi ya mahema. Kaya zilipewa ardhi ya kulima, na katika miaka michache zilijilisha na kuuza ziada. Hatusemi miombo haikupotea. Mashamba yalifyekwa, na mengi. Hata hivyo mkulima mwenye shamba lake ana sababu ya kuutunza udongo na kupanda mti, kitu ambacho mtu anayengoja kurudishwa kwao kesho hana. Mwaka 2014 watu kama 162,000 wa makazi hayo na Ulyankulu walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Wajukuu wao sasa ni majirani zetu, na baadhi yao wamekaa madarasani pamoja na watoto wa Kifipa.

Ziwa lenye wenyewe wanne

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani. Lina aina kama 250 za samaki wa jamii ya perege, na karibu zote hazipatikani popote pengine. Limegawanywa kati ya Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Dagaa na migebuka hawana pasipoti: kundi linalovuliwa Kasanga wiki hii linaweza kuwa lilikuwa kwenye maji ya nchi nyingine wiki iliyopita.

Kati ya 1995 na 2000 nchi hizo nne ziliendesha mradi wa pamoja wa kulinda bioanuwai ya ziwa. Tazama miaka hiyo. Burundi ilikuwa vitani tangu 1993. Kongo ikaingia vitani mara mbili. Watafiti wa Bujumbura na Uvira walikuwa kwenye miji isiyo na usalama, wenzao wakiwa Kigoma na Mpulungu. Kazi ilisitasita, safari zikaahirishwa, lakini sampuli zilichukuliwa na mikutano ikafanyika. Matunda yake ni Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliosainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Mwezi uliofuata Bujumbura ilishambuliwa na waasi. Wakati saini hizo zinawekwa, serikali ya mpito ya Kongo ilikuwa haijaundwa bado. Baadaye ikaanzishwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, na makao yake yakawekwa Bujumbura, mji uleule uliokuwa ukilia mizinga.

Tunautaja mkataba huu kwa sababu una matokeo yanayoonekana sokoni Sumbawanga. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilifunga shughuli za uvuvi ziwani humo ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano na nchi nyingine za ziwa. Dagaa walipanda bei, watu wakalalamika, na wavuvi wa Nkasi na Kalambo waliumia zaidi ya walaji. Malalamiko yao mengi yalikuwa ya haki: mtu anayeishi kwa mtumbwi hawezi kuambiwa asubiri miezi mitatu bila njia nyingine ya kujilisha. Lakini ugumu mwingine uko ng'ambo. Pale ambapo serikali haifiki kwa sababu ya vita, nani atasimamia ufungaji? Mvuvi wa Kirando akitunza na kokoro likavutwa upande wa pili, anajiona mjinga. Amani ya Kivu na Tanganyika ya Kongo, kwa hiyo, ni sehemu ya kitoweo cha Ufipa. Hatusemi hivi kwa mafumbo. Ni hesabu ya samaki.

Sheria, na mafundisho ya Kanisa

Sheria za kimataifa hazikunyamaza. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inakataza katika vifungu vya 35 na 55 mbinu za vita zinazoleta madhara makubwa, mapana na ya muda mrefu kwa mazingira. Udhaifu wake ni kwamba iliandikwa kwa ajili ya vita kati ya nchi na nchi, na vita vyetu vingi ni vya ndani, vya makundi yenye majina ya herufi tatu. Mwaka 2022 Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa ilikamilisha kanuni 27 zinazogusa pia vita vya ndani, pamoja na kipindi cha kabla na baada ya mapigano. Ni mwanzo mzuri, ingawa kanuni bila mahakama huchelewa kumfikia kamanda wa msituni.

Kwa upande wa Kanisa, Mtakatifu Yohane Paulo II aliutumia ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani, 1 Januari 1990, kuunganisha amani na utunzaji wa viumbe vyote, na Papa Fransisko katika Laudato si', namba 57, anataja wazi madhara ya vita kwa mazingira. Wanafunzi wa seminari wasome vifungu hivyo wakiwa na ramani ya Kivu mezani. Vitaeleweka haraka zaidi.

Sisi tusio na vita

Kuna hatari ya kusoma haya yote na kujipongeza. Tanzania haikuwa na vita kati ya 2009 na 2014, lakini katika miaka hiyo mitano idadi ya tembo wetu ilishuka kutoka takriban 109,000 hadi takriban 43,000. Majangili walikuwa na mnunuzi, na mnunuzi alikuwa na bandari. Mtu mwenye bunduki msituni anahitaji mtu mwenye karatasi mjini.

Virunga wameanza kujibu swali la mkaa kwa umeme: kituo cha Matebe, kilichozinduliwa mwaka 2015, kinazalisha megawati 13 hivi kutokana na mto unaotoka hifadhini, ili nyumba na viwanda vidogo vipate nishati nyingine. Hapa kwetu, msitu wa Mbizi juu ya Sumbawanga una mbega wekundu wanaopatikana sehemu chache tu za dunia, na vijito vyake vinatunywesha. Hakuna kundi la waasi Mbizi. Kuna shoka, moto wa kiangazi na jiko la mkaa.

Kwa walimu watakaotumia somo hili darasani tunapendekeza kazi moja ya wiki mbili. Wanafunzi wagawanywe makundi. Kundi la kwanza liwahoji wauza mkaa na kuni, kwa heshima na bila kuwatisha, juu ya mahali mzigo unakotoka na bei yake masika na kiangazi. Kundi la pili liwaulize wauza dagaa na migebuka sokoni: wametoka mwalo gani, na ni mwaka gani walikosekana kabisa. Kundi la tatu liwatafute wazee waliopokea wakimbizi, au waliokuja kama wakimbizi, na kuwaomba wasimulie walipikia nini miezi ya kwanza. Majibu yaandikwe, majina ya watu yaachwe, na makundi yakutane kuyaweka juu ya ramani moja.